Mashini Inauliza Tu

Musiniulize Tata Labo alizaliwa wapi, ao kabila yake ni gani, ao baba yake alikuwa nani. Mi sijue, na ata ningejua singesema, juu ile bintu haina njo muntu. Mi namujua na mikono yake, na kiti yake, na makelele yenye tulipigana ku mulango ya labo ya kliniki, kwenye alikuwa anapima damu, miaka sita muzima. Na kama kuko muntu pa Kolwezi anasema Tata Labo alikuwa muzee wa wazimu wa kusema na kiti, akuye anisemeye mi mwenyewe, mbele ya kiosk yangu. Atajua mi ni nani.

Kiosk iko ngambo ya kliniki, ku barabara ya vumbi kwenye kupita makamyo ya mawe. Nachaji batelefone, natosha bafotokopi, natosha makaratasi. Ordinatere, ile kompyuta, hakuna mwenye alinifundisha. Nilifungua moya ya kufa, nikaiharibisha zaidi, nikaitengeneza, nikajua. Kifransa ya badokta pia nilijifunza vile vile, kwa kusoma karatasi za bantu, juu marezilta, majibu yote ya bipimo ya kliniki, inafikaka mu telefone, na mwenye telefone anakuya kwangu niitoshe. Mi njo wa kwanza kujua nani eko na sukari, nani eko na mimba. Tata Labo ile haikumupendeza hata kidogo. Aliniita Radio.

"Radio, leo umesoma ya nani?"

"Sisomake, tata. Natosha tu."

"Ah. Na macho yako inafunga wakati unatosha?"

Bantu banacheka. Mi nakasirika siku moya, siku ya pili namupelekea chai.

Mu labo mulikuwa biti bitatu. Ya kwanza ya plastiki, ya mugonjwa. Ya pili ya chuma, yake. Ya tatu ya mbao, bila mugongo, karibu ya dirisha, na hiyo hakuna muntu alikuwa anaikala. Unaweza kuwa unaanguka na malaria, banamuke bamejaa mpaka inje, ile kiti inabakia bule. Siku moya dokta mupya, kijana ya Lubumbashi na viatu vya kungaa, akaikala pale. Tata Labo akamushika mukono, akamusimamisha polepole kama bibi arusi.

"Samahani, dokta. Pale kuko muntu."

Dokta akaangalia kiti, akaangalia Tata Labo, akatoka. Tulicheka ile juma yote. Mi pia nilicheka, sitaficha.

Kisha nikaacha kucheka. Ilikuwa saa sita ya muchana, jua inapiga, wagonjwa bote balikuwa bamekwisha kwenda kula. Nilikuwa nabeba karatasi anipigie sinye, saini yake. Nikasikia sauti yake mundani, ya chini, ya heshima, ile sauti ya kusema na muntu mwenye kufiwa. "Sijue, mama. Kweli sijue." Nikasimama ku mulango, nikangojea ule mama atoke. Nikangojea, nikangojea. Hakuna mwenye alitoka. Nikaingiza kichwa. Alikuwa peke yake, ameikala ku kiti ya chuma, magoti yameangalia ile ya mbao.

"Radio," akasema bila kugeuka, "lete karatasi."

Mbele ya damu, Tata Labo alipima mawe. Wakati ya bujana yake alikuwa mu labo ya mine, mugodi ya mawe, anasaga mawe, anapika na asidi, anasema mu hii kuko shaba ngapi, mu hii kobalti ngapi. Kisha kazi ya mawe ikakufa, akarudia ku masomo na ndevu tayari nyeupe, akajifunza damu. Lakini mawe haikumutoka. Mu mufuko ya blusi yake, ile koti nyeupe ya kazi, mulikuwa mawe mbili, moya ya kijani, moya ya nyeusi, na wakati anafikiri alikuwa anazigonganisha, ko, ko, ko. Unamusikia mbele ya kumuona. Ku chupa ya damu alikuwa anaandika jina na krayo, penseli, hapana biki ya wino, juu biki inalia ikipata mayi. Na jina anakuuliza mara tatu. Mara ya tatu bantu banamutukana.

"Tata, si nimekwisha kusema!"

"Umesema. Mi bado kusikia."

Alikuwa muntu wa bintu bibili-bibili. Hapendi uongo, lakini kila mutoto mwenye kuchomwa sindano alimuambia ni mbu. Alivaa saa mbili, moya kila mukono, juu hakuna yenye aliamini, na bado alichelewa. Kanisa hakuingia, ya kwetu wala ya bengine. Lakini kila wakati chupa za damu za bamama benye mimba zinatoka kwenda ku ndege, alitoka inje, alitoa kofia, alisimama mu jua mpaka motoka ipotele ku kona. Na batoto! Alipenda batoto kupita kipimo, lakini hakubeba mutoto wa muntu. Ukimupa, anaweka sikio ku kifua, anaangalia masikio, anapitisha kidole kidogo mu kinywa, juu, ku dari ya kinywa, kisha anakurudishia. Anatoka kusafisha mikono.

Sasa niseme ile kipimo, juu bila kuielewa hautamuelewa yeye.

Mama mwenye mimba, banamutosha damu ku mukono. Mu damu yake munaogelea bipande bidogo sana bya kile kintu chenye kulisha mutoto mu tumbo. Chupa inapanda ndege, inaenda inje ya inchi. Kule mashini inasoma bile bipande, inaangalia kama mu kitabu ya mwili ya mutoto kulipotea ukurasa, hapana ukurasa muzima, mustari moya tu. Mustari moya ukikosa, mutoto anaweza kuzaliwa na moyo mubaya, ao dari ya kinywa ya wazi, ao akili ya polepole. Ao na kintu kidogo tu chenye hakuna muntu ataona. Kisha karatasi inarudi, na juu yake banaandika hatari ndogo ao hatari kubwa.

Yaya yangu, mukubwa yangu wa tumbo moya, alikuwa na mimba ya tatu. Mbili za kwanza zilitoka zenyewe. Pa Kolwezi tunaishi na vumbi ya mawe mu sahani na mu shuka, na kila muntu anajua mutoto moya wa jirani mwenye alizaliwa hivi ao hivi. Kwa ile bwoga, bwana yake akasema tupime kila kintu. Shemeji ni muchimbaji, creuseur, muntu wa mashimo toka butoto, muzuri, wa mikono migumu. Karatasi ikafika. Mi njo niliitosha. Hatari kubwa.

Sikumupa yaya. Nilikimbia nayo kwa Tata Labo. Alisoma, mawe mu mufuko ikanyamaza.

"Muite," akasema. "Na bwana yake."

Balikuya. Bakaikala, yaya ku kiti ya plastiki, shemeji akasimama, juu kiti ya mbao alikatazwa. Tata Labo akatosha ndoo ya mawe chini ya meza. Mawe yote ya kijani. Akatupa ile nyeusi yake mundani, akachanganya.

"Hii mashini," akasema, "kazi yake ni kulia akipita jiwe nyeusi. Na analia, ni mashini muzuri. Lakini mara moya-moya analia bule, pa jiwe ya kijani. Haina ubaya, anakosa tu. Sasa, kama mu ndoo nusu ni nyeusi, akilia, umuamini. Lakini huu ugonjwa ni wa shida kupata. Nyeusi ni moya mu ndoo nzima, pengine mu kamyo nzima. Njo kusema wakati analia, mara mingi atakuwa analia pa kijani. Umeelewa, mama?"

Yaya akapangusa macho. "Kwa hiyo mutoto eko muzima?"

"Sijasema vile."

"Eko mugonjwa?"

"Wala vile. Mashini inauliza, haijibu. Ya kujibu ni ingine, sindano mu mayi ya mutoto mu tumbo, na hiyo tunatafuta mbali. Ao tunapiga ekografi, picha ya moyo ya mutoto, kule Lubumbashi, tunaangalia, tunajitayarisha, tunazaa karibu na benye kujua."

Hapa njo shemeji akacheka, kicheko ya mubaya. Na angalieni mawazo ya muchimbaji, hakuna mwengine angewaza vile.

"Tata, na heshima yote. Mi nauzisha mawe miaka kumi. Ku depo ya banunuzi banaweka jiwe yangu chini ya mashini yabo, mashini inasema kobalti mbili ku mia. Mi najua mundani ni ine. Mashini inakatakaka nusu, kila siku, haisemaka yote hata siku moya. Sasa hii ya kwako imesema hatari kubwa. Kama yenye imesema ni kubwa, yenye imeficha ni nini?"

Mi mwenyewe, na kujua kwangu kote, nilianza kumuamini. Juu ilikuwa na maana. Kwa muntu wa mashimo ilikuwa na maana kabisa.

"Mwana," Tata Labo akamuambia, "ile ya depo, mwenye kuishika alikuwa na sababu ya kukuiba. Kwa hii hakuna mwizi. Hauna mwenye utakasirikia. Najua ni ngumu zaidi."

Shemeji hakusikia. Alimushika yaya mukono, bakaenda. Siku ya tatu yaya akanipigia telefone, analia: bwana yake amekwisha kusema na mama moya wa dawa za mizizi, leo hii, Siku ya Posho, njo Jumamosi, wataitosha mimba, mbele jirani hawajajua.

Nikamuambia Tata Labo. Nilikuwa na kasirani, nilitaka twende na polisi, na bakijana ba kwetu, na fimbo. Alivua blusi, akabeba ile kiti ya mbao ku bega, akatoka. Hivyo tu. Muzee wa magoti mabaya alikata cité nzima, mutaa mpaka mutaa, na kiti ku bega, mu jua ya Siku ya Posho, bantu banamuangalia, batoto banamufuata, mi nyuma nafukuza batoto. Akafika kwa shemeji, akaweka kiti mu mulango, katikati kabisa, muntu hawezi kuingia wala kutoka bila kuisongesha. Yeye mwenyewe akaikala chini, pembeni yake, mu bulongo.

Shemeji akatoka. "Tata, ni nini hii?"

"Nakuletea muntu," akasema. "Umusikilize, kisha ufanye yenye unataka."

Njo pale alisema. Mara moya, na hakurudilia tena.

Ni kusema zamani, mwanzo kabisa ya bile bipimo, mama moya alifika na karatasi kama ya yaya. Kulikuwa mustari murefu ya wagonjwa. Mama akaikala ku hii kiti. Tata Labo akasoma, akaangalia saa, akasema: "Mama, mashini imepata ugonjwa." Maneno ine. Mama akamushukuru. Karatasi akaikunja, akaikunja, mpaka ikakuwa kidogo kama ukucha ya kidole, akaifunga ku kona ya kitambaa. Alikuwa na heshima. Alisema "merci, tata" mara mbili.

Mimba akaitosha. Kisha mwezi moya akarudi, mwembamba, akaikala tena hapa. Hakuja kulaumu. Alikuja na swali. Mu katikati Tata Labo alikuwa amesema na dokta mukubwa, alikuwa amejifunza mambo ya ndoo na mawe, amejua alisema kintu chenye mashini haikusema. Mama akamuuliza: "Tata, ule mutoto, alikuwa mugonjwa kweli?"

"Na sikuweza kujibu," akamuambia shemeji. "Hakuna muntu anaweza kujibu ile, mpaka leo. Pengine alikuwa mugonjwa. Pengine alikuwa muzima kama weye. Mama aliikala hapa mpaka tukafunga. Banasema alirudia kwabo, njia ya Mutshatsha. Mi sijamuona anatoka."

Shemeji aliangalia kiti. Muntu mwenye alishuka mashimo yenye ilizika bandugu zake, na aliogopa kiti. Mama wa mizizi alifika na mufuko yake, akaona mulango imefungwa na muzee na mbao, akasema "hapa muko na matatizo yenu," akageuka.

Shemeji akakubali yaya aende Lubumbashi, akapigwa ekografi ya moyo. Sindano alikataa, aliogopa. Mutoto akazaliwa, mwanamuke, mweusi wa kungaa, sauti kama ya mi. Sasa anakimbia, anasema, anapiga batoto ba jirani.

Mi nikafanya nini? Mi nikapiga kelele. Soko yote ilisikia. Ile mashini ni ya uongo, ile karatasi ya bazungu ni ya kutisha bantu, angalieni mutoto ya yaya! Nilikuwa nasema kwa heshima ya Tata Labo, nilifikiri namuinua. Alinisikia siku moya, akatoka mpaka ku kiosk.

"Radio, nani alikuambia nilikuwa na haki?"

"Mutoto eko muzima, tata! Ulikuwa na haki!"

"Kama angezaliwa mugonjwa, ningekuwa na haki vile vile: nilisema mashini inauliza tu. Punguza volume."

Sikupunguza. Nilifikiri ni kiburi ya bazee. Kisha magoti ikamushinda, akaacha kazi, akaenda kuikala kwa mutoto wake mwanamuke, ngambo ya reli. Kiti alienda nayo.

Mbele ya kiosk yangu kuko mama moya anauzisha samaki ya kukausha na sombe, majani ya mihogo. Ananiitaka mwana wangu, ananiwekea samaki ya mukia. Mwaka jana alikuwa na mimba ya uzee, karatasi yake ikafika. Hatari kubwa. Chini dokta aliandika: aende Lubumbashi, moyo ya mutoto iangaliwe, azalie kule. Niliisoma. Niliisoma yote.

"Mwana wangu, inasema nini?"

"Mama, tupa. Ile mashini inalialiaka bule. Unamuona mutoto ya yaya?"

Alicheka na furaha, akanipa samaki mbili. Ile karatasi, niliona na macho yangu, alifungia nayo samaki ya muntu.

Mutoto alizaliwa hapa hapa. Siku ya pili midomo ikakuwa ya bluu. Siku ya ine tulimuzika.

Hakunilaumu. Mungu wangu, kama angenitukana! Nilikuwa nangojea anitukane, nilikuwa tayari na majibu. Alirudia ku meza yake, akapanga samaki, na siku moya akakata barabara na kuuliza, polepole: "Mwana wangu, kama ningeenda kule, angepona?" Ile karatasi ingali mu ordinatere yangu. Sijaifuta. Kila asubui nafungua mashini, na jina yake iko pale.

Njo nikaenda ngambo ya reli. Nilibeba mutoto ya yaya, kama vile nilikuwa naenda kusalimia tu. Tata Labo alikuwa ku barza, macho imeanza kufunga, saa mbili zingali ku mikono. Kiti ya mbao ilikuwa pembeni yake, bule.

"Ni Radio," akasema. "Nasikia miguu. Unanyamaza, uko mugonjwa?"

Nikamupa mutoto. Hakumubeba. Sikio ku kifua. Masikio. Kidole ku dari ya kinywa, mutoto akamuuma, akacheka kidogo. Mutoto alikuwa na miaka mine, na bado Tata Labo alikuwa anatafuta. Kisha akasema mutoto aende kucheza na kuku.

Nikamusemea yote. Samaki, karatasi, midomo ya bluu, swali. Alitosha mawe mu mufuko lakini hakuzigonganisha.

"Mashini ilikuwa inauliza," akasema. "Weye njo ulijibu."

Damu ikanipanda ku kichwa. "Na weye! Na weye si ulijibu! Maneno ine, na saa mu mukono!"

"Njo nasema vile."

Nilikuwa nimesimama, ngumi imefungwa, na machozi inanitoka kama mutoto. Alinyoosha muguu yake mubaya, akasukuma kiti ya mbao mpaka ikagusa muguu yangu.

"Ikala."

"Tata, ile ni ya ule mama."

"Najua ni ya nani. Atakupa nafasi. Ikala."

Nikaikala. Pembeni, ku kona ya mbao, nusu ya mwili inje. Inje kuku balikuwa banapiga kelele na mutoto anabafukuza.

"Sasa tuko babili," akasema. Kisha akauliza: "Ule wa samaki akirudia kukuuliza, utasema nini?"

Mi, mwenye hakuna muntu alinishinda mudomo pa Kolwezi yote, nilitafuta. Nilitafuta mu Kifransa ya badokta, mu makaratasi yote yenye nilisoma. Mwisho nikasema kwa nguvu.

"Sijue, mama!"

Akaitikia na kichwa. Akaangalia, hapana mi, pale pembeni yangu, ku nafasi yenye nilikuwa nimeacha ku kiti.

"Sauti chini kidogo, Radio," akasema. "Ule mama si kiziwi."